Picha ya Kifua cha Baba Yako

Mlali, Morogoro
2 Machi 1997

Baba yako amepigwa picha ya kifua, na picha yenyewe ndiyo hiyo uliyoikuta humu ndani. Nimeikunja ili iingie kwenye bahasha, maana posta bahasha kubwa zilikuwa zimekwisha. Usishtuke. Soma barua kwanza, picha utaitazama baadaye.

Haya, sasa salamu. Mwanangu Latifa, asalaam aleikum. Mimi mama yako Mwanaheri ni mzima kabisa, baba yako Twalibu naye hajambo ukiacha hicho kifua nitakachokueleza. Mama yako mdogo Chausiku wa Dumila anakusalimu, anamwoza binti yake wa kwanza baada ya masika. Mbuzi mweupe amezaa pacha. Sisi huku tunamshukuru Mungu, na tunaomba joto la huko Uhindini lisikukaushe, maana kwenye ile picha uliyotuma shingo imekuwa ndefu.

Hapa Mlali hakuna asiyejua kwamba binti yangu anasomea udaktari wa picha. Juzi kwenye foleni ya mashine ya kusaga, mama mmoja alikuwa anatuambia mwanawe amekuwa karani wa benki. Nikamwambia hongera, wako anaona pesa za watu, wangu anaona ndani ya watu. 

Na banda langu nikwambie. Sasa nina kuku mia tatu wa mayai. Unakumbuka zamani mtu akiwa na kuku ishirini viongozi wa kijiji wanakuja kumuuliza amewatoa wapi? Siku hizi ni ruksa, kila mtu na mbio zake, na za mama yako si ndogo. Walimu wa chuo kikuu mjini wanakula mayai yangu, pikapu inayafuata hapa hapa mlangoni kila Jumanne. Pumba ananiletea Laurenti kutoka kwenye mashine za mpunga za Dakawa. Kwa kuwa ni mimi, ananiwekea magunia yaliyonyeshewa ambayo wengine wanayakataa. Mimi nayamwaga stoo, nayapekecha kwa mikono mpaka mabonge yanavunjika, nachanganya na mahindi na dagaa. Kuku hawajui tofauti.

Sasa hilo la baba yako. Anakohoa tangu vuli iliyopita. Kikohozi kikavu, hakitoi kitu. Hospitali walisema kifua kikuu, wakapima makohozi mara tatu wasione mdudu, lakini dozi wakampa hivyo hivyo. Amemeza vidonge vyekundu miezi minne, mkojo umekuwa kama soda ya chungwa, kikohozi kiko pale pale. Akipanda shamba la juu anakaa njiani mara tatu. Mwezi uliopita amekuja daktari mpya, Bartholomeo, kijana mpole. Kasema acheni hizo dawa, hiki si kifua kikuu, ila ni nini sijui. Ndiyo nikamwambia, nipe hiyo picha, yuko atakayejua.

Baba yako hapendi kusemwa kwa watu, unamjua. Kwa hiyo usimwandikie yeye. Niandikie mimi.

Mama yako,
Mwanaheri


Madras
30 Machi 1997

Mama mpenzi, shikamoo, na baba mpe shikamoo yake.

Barua yako imetembea siku ishirini na tano. Mimi ni mzima, shingo ni ile ile. Hapa wanakula wali asubuhi, mchana na jioni, ungewapenda. Mwambie mama mdogo Chausiku kwamba kitenge cha bibi arusi nitakileta mwenyewe Desemba, nikimaliza mtihani wa mwisho.

Picha imefika. Mikunjo imeacha mistari katikati, na mwalimu wangu akauliza ni hospitali gani inayowapiga watu picha wakiwa nyuma ya nondo za dirisha. Nilicheka naye. Halafu nikaiweka kwenye taa, nikaacha kucheka.

Mama, hii si picha ya baba.

Picha ya kifua haionyeshi mifupa peke yake. Vivuli vya matiti vinaonekana, viwili, wazi kabisa. Na mfupa wa bega la kushoto, ule mtulinga, ulivunjika zamani ukaunga kwa kupinda. Baba hajavunjika mtulinga. Aliyeanguka na tenga la ndizi kwenye mteremko nikiwa darasa la tatu, nikamfulia nguo miezi miwili, namjua. Sikuulizi kwa nini uliandika ulivyoandika. Nakuomba tu unijibu sasa kama wewe, si kama baba.

Daktari Bartholomeo yuko sahihi, hiki hakifanani na kifua kikuu. Ni ugonjwa wa nyama ya pafu yenyewe, ule utando mwembamba unaopitisha hewa. Tatizo ni kwamba magonjwa ya aina hiyo ni mengi na kwa picha ya kawaida yanafanana kama ndugu. Tunayatenganisha kwa kumuuliza mgonjwa. Basi nakuuliza. Shika vidole viwili vya shahada, uviweke kucha kwa kucha, mgongo kwa mgongo, utazame dirishani: kuna kitundu cha mwanga katikati au hakuna? Viungo vinauma asubuhi? Vidole vinageuka vyeupe kwenye baridi? Babu alichimba ulanga mlimani wakati wa wakoloni, yale mawe ya kung'aa. Wewe uliwahi kuyaponda au kuyapepeta? Na je, kuna mahali ukienda unapata nafuu?

Pafu lako kwenye picha lina weupe hafifu, kama kioo ukikipumulia. Kwa wakulima, mara nyingi chanzo chake ni ukungu. Kwa hiyo mpaka nikuandikie tena, ukiona ukungu kaa mbali nao, usiuvute kabisa.

Mwalimu alisema na mengine, lakini ni ya kubahatisha, siyaandiki.

Mwanao,
Latifa


Mlali
11 Mei 1997

Latifa mwanangu, marahaba. Sisi wazima. Mvua ni nyingi, migomba imelala, pacha mmoja wa yule mbuzi amekufa, mmoja anaruka.

Nimeisoma barua yako peke yangu nyuma ya jiko, na aibu niliyoiona ni yangu na wewe usiiongeze. Nani alikutuma utazame matiti? Mimi nilijua mashine inaona mifupa, na mifupa ya mtu na mumewe nikadhani ni mamoja. Baba yako nilipomwambia tumegundulika alicheka mpaka akashika ukuta. Anasema, "Mwanaheri, umemsomesha mwenyewe huyo, sasa vumilia."

Kwa nini nilisema ni baba yako? Kwa sababu ukijua ni mimi utaacha masomo urudi, nakujua. Na kwa sababu neno kifua kikuu likishatamkwa halifutiki. Kuna nyumba hapa hapa Mlali nilikunywa chai, nilipoondoka nikasahau khanga yangu, kurudi nakuta kikombe nilichonywea kimewekwa nje juu ya jiwe peke yake. Mimi, niliyewakopesha wale mayai ya arobaini yao. Baba yako akisemwa ana kifua watu wanasema maskini mzee. Mimi nikisemwa, mayai yangu nani atakula?

Haya, majibu yako. Kucha nimeziweka dirishani, baba yako akachungulia, anasema mwanga unapita, kitundu kama cha sindano. Viungo haviumi zaidi ya umri. Vidole havigeuki rangi. Ulanga sikuponda, tulichezea tu vigae vyake utotoni tukajifanya ni vioo.

Ila homa ninayo. Inakuja jioni, baridi inanitetemesha, asubuhi imeondoka. Nimemeza klorokwini mara mbili, haisikii. Ni malaria ya masika tu.

Na hilo la ukungu nimelitii kuliko ulivyotegemea. Unajua masika ukungu unavyoshuka kutoka mlimani, unaingia mpaka kwenye sufuria. Sasa sitoki nje mpaka saa nne, utoke wote. Madirisha nimeziba kwa magunia. Na kwa kuwa nyumba kubwa ina matundu chini ya paa, asubuhi nakaa stoo ya pumba. Ni ya saruji, haina upenyo hata wa sisimizi, ina joto zuri. Nakaa humo na kazi yangu, napekecha pumba, nachambua mayai. Ukungu wenyewe ukinitafuta haunioni.

Lakini kikohozi kimezidi kidogo. Labda ni ukungu wa zamani unatoka.

Mama yako


Dumila
1 Juni 1997

Latifa, barua yako ya kunijibu sijaiona. Au umekasirika? Nakuandikia kabla sijaipata kwa kuwa nina habari njema na siwezi kuikalia.

Mama yako mdogo Chausiku anakusalimu sana, na bibi arusi pia. Arusi imekwisha salama. Watu walijaa mpaka barabara kuu ya Dodoma, madereva wa malori wakashuka wakala pilau bila kujua ni ya nani. Nilivaa ile gauni uliyonitumia nikawaambia imetoka Madras, nikarudia kwa wasiosikia.

Sasa sikia. Nimekaa Dumila siku kumi na nne. Homa ya jioni sijaiona tangu siku ya tatu. Kikohozi kimepungua kila siku mpaka jana nimecheza ngoma na wanawake wenzangu na hakuna aliyenipa kiti. Chausiku akaniambia, "Dada, si ulikuja huku ukivuta hewa kama mtu aliyefukuzwa?" Nikamwambia, hii ni dawa ya daktari wangu.

Ulisema nikimbie ukungu, nami nimeukimbia. Dumila haina mlima, haina ukungu, jua linapiga kuanzia asubuhi. Kwa hiyo nimeamua. Chausiku ana kiwanja cha nyuma kisichotumika. Nahamia hapa mwisho wa Julai, mimi na kuku wangu wote. Laurenti ataniletea pumba moja kwa moja, Dakawa si mbali na hapa, nitakuwa karibu naye zaidi. Baba yako atabaki na migomba na tutatembeleana kama wachumba.

Kesho narudi Mlali kupanga.

Mama yako anayepumua,
Mwanaheri


Madras
24 Juni 1997

Mama, shikamoo.

Barua zako mbili zimenifikia jana kwa pamoja. Ile ya Mei ina mihuri ya Madagaska, sijui nani alisoma Madras akaona Madagaska. Nimekwenda posta mbio nikakutumia simu ya maandishi, nadhani umeshaipata: USIHAMISHE KUKU TOKA STOO BARUA INAKUJA. Barua ndiyo hii. Salamu nyingine zote utanisamehe, nitaziandika siku nyingine.

Kosa ni langu. Niliandika ukungu. Nimekaa mbali na nyumbani miaka mitatu nikasahau kwamba Mlali ukungu ni ule unaoshuka mlimani. Sikuwa nazungumzia huo, mama. Huo ni maji matupu, hauna kosa. Nilikuwa nazungumzia ukungu unaoota. Ule wa kijivu kwenye mkate uliolala, kwenye mahindi mabichi yaliyofungiwa. Ule ulio kwenye magunia ya Laurenti yaliyonyeshewa, ambayo unayavunja mabonge kwa mikono, ndani ya stoo isiyo na upenyo, na madirisha nimekufanya uyazibe.

Sikulala niliposoma pale ulipoandika "ina joto zuri".

Sasa nisikilize kama ninavyokusikiliza wewe. Majibu yako yameniambia zaidi ya picha. Kucha zako hazijavimba, na kwenye ule ugonjwa ninaouogopa zaidi mara nyingi huvimba. Viungo na vidole havina kitu, kwa hiyo si zile homa za mwili kujishambulia wenyewe. Ulanga hukuponda, kwa hiyo si vumbi la mawe. Halafu homa ya jioni: si malaria. Unapekecha pumba asubuhi, mwili unakasirika saa chache baadaye, kila siku. Na Dumila umepona kwa sababu uliwaacha kuku na magunia Mlali. Uliporudi, homa imerudi siku ya ngapi? Ya kwanza au ya pili? Nijibu hilo.

Ukihamia Dumila na kuku wako, umehama na ugonjwa. Manyoya na mavi yao makavu yanaweza kuleta ugonjwa huo huo hata bila pumba.

Nataka upigwe picha nyingine, ya kompyuta, ile inayokata kifua vipande vyembamba kama mkate. Dar ipo sasa. Tunatafuta mambo mawili: kama ule weupe ni ukungu tu, kama wa kioo ulichokipumulia, au ndani yake kuna sega. Ukungu wa kwenye pafu ukiondoa chanzo huondoka. Daktari Bartholomeo akusikilize mgongoni, chini kabisa, aniandikie anachosikia.

Toka stoo, mama. Leo.

Latifa


Mlali
3 Agosti 1997

Mwanangu Latifa, marahaba, na salamu zote ulizoziruka mimi nakuletea: baba yako hajambo, Chausiku hajambo, mbuzi hajambo, migomba imeinuka.

Simu yako ilifika. Karani wa posta aliisoma kwa sauti mbele ya foleni nzima, "Usihamishe kuku toka stoo", na watu wakaelewa kwamba kuku wasitolewe stoo. Nilirudi nyumbani nikaingiza kuku hamsini stoo. Baba yako ndiye aliyeikodolea macho ile karatasi jioni akasema, "Hapa pana nukta imekosekana. Kuku wasihame, wewe ndiye utoke." Tukabishana mpaka barua yako ilipofika, na yeye akashinda, na hajaacha kunikumbusha.

Ukungu wa pumba. Kumbe. Miaka miwili naupekecha kama unga wa maandazi, na nilikuwa najisifu.

Homa ilirudi siku ya pili.

Dar tumekwenda na baba yako, kwenye hospitali moja ya watu binafsi, hizi zilizofunguliwa juzi juzi, sakafu inateleza kama barafu. Nikalazwa kwenye kitanda kinachoingia kwenye pete. Yule kijana wa mashine anasema, "Mama vuta pumzi, shikilia. Sasa toa yote, shikilia." Nikamwambia binti yangu ndiye atakayeisoma hii, yuko Madras, kwa hiyo ipige vizuri. Akasema, "Mama, mashine haijui ya nani." Nikamwambia mashine haijui, wewe unajua. Picha anakuletea kijana mmoja anayekwenda kusoma huko huko, imelala bapa kati ya mbao mbili nyembamba, sijaikunja hata ncha.

Bartholomeo amenisikiliza. Anasema chini ya mgongo pande zote anasikia kama mtu anayekanyaga majani makavu. Amekuandikia karatasi yake, iko na picha.

Kuku nimewapunguza.

Sasa mimi nikuulize. Umeandika tunatafuta ukungu au sega. Ukungu umenieleza, ukiondoa chanzo unaondoka. Sega hukueleza. Nimeisoma hiyo barua mara nyingi nikidhani nimeruka mstari. Baba yako anasema sega ni kitu kizuri, sega lina asali, labda pafu lenye sega lina nguvu, na siku hizi anaamka kuninunulia asali kwa watu wa mlimani, ananipa kijiko kwa kijiko. Mimi nameza nisimvunje moyo. Lakini nakujua wewe. Kitu kizuri ungekieleza kurasa mbili.

Mama yako


Madras
7 Septemba 1997

Mama yangu, shikamoo.

Picha imefika bapa kama ulivyoahidi. Baba mwambie ahsante kwa ile nukta, ameokoa mtu. Mimi ni mzima wa mwili. Mtihani wangu ni tarehe 24 Novemba, na tiketi ya kurudi ni ya kutua Dar tarehe 18 Desemba.

Nilikuficha sega kwa sababu niliogopa kuliandika. Sasa nimeliona, nakuandikia lilivyo.

Pafu likivimba kwa muda mrefu linapata kovu. Kovu likizidi, vile vijumba vidogo vya hewa vinabomoka vinakuwa mashimo yenye kuta nene, yamepangana. Kwenye picha yanaonekana kama sega la nyuki lisilo na kitu. Halina asali, mama. Pale palipo sega hewa haipiti tena, na hakuna dawa ninayoijua ya kulirudisha. Kuna ugonjwa ambao unaanza na sega na unakwenda na sega mpaka mwisho, chini ya mapafu yote mawili. Mwalimu wangu siku ile ya kwanza aliutaja huo. Ndio ambao sikuuandika.

Tumeitazama picha yako watu wanne, nikawaambia ni ya mgonjwa wa nyumbani. Sikusema ni mama. Wakasoma kama wanavyosoma za watu. Ukungu ni mwingi, juu na katikati. Katikati yake kuna visiwa vyeusi, na ulipotoa pumzi yote vilibaki vyeusi, maana yake hewa imenaswa humo na haitoki. Hiyo ni alama ya ugonjwa wa kuvuta vitu vya ndege na pumba, ule mwingine kwa kawaida hauna visiwa hivyo. Wote wanne wakakubaliana. Nikashukuru, nikataka kuzima taa. Mwalimu akasema subiri, akaweka kidole chini, pafu la kulia. Kuna sega. Dogo, kama ukucha wa kidole gumba.

Kwa hiyo una vyote viwili. Sehemu kubwa inaweza kusafishika. Sehemu ndogo haitarudi. Na kila wiki unayokaa na chanzo, ukungu mwingine unageuka sega. Nimemwandikia daktari Bartholomeo kuhusu dawa za kutuliza uvimbe, prednisoloni, na jinsi ya kuzipunguza polepole, usiziache ghafla hata ukijisikia vizuri. Lakini dawa bila kuondoa chanzo ni kufuta maji huku bomba linatiririka.

Umeandika "kuku nimewapunguza". Neno hilo halina idadi. Ungekuwa umewatoa ungeandika umewatoa, na ungenieleza nani kawachukua na amelia kwa furaha kiasi gani.

Najua banda hilo ni nini kwako. Ndilo lililonipeleka sekondari, ndilo linalokufanya uamkiwe kwanza. Ila mimi siwezi kuingia kwenye chumba cha mtihani kuwaeleza wazee wa watu tofauti ya ukungu na sega, huku najua lako linaota. Ukiniandikia banda ni tupu, tupu kabisa, nitafanya mtihani. Usiponiandikia, nitapanda ndege Novemba nije niwatoe kuku mwenyewe, na cheti kitabaki huku.

Sikutishi, mama. Naogopa.

Latifa


Mlali
12 Oktoba 1997

Mwanangu Latifa, marahaba. Baba yako anakuitikia shikamoo yako na anauliza kama unakula. Chausiku hajambo, bintiye ana mimba tayari. Mvua za vuli zimeanza kwa nguvu ya ajabu mwaka huu, wazee wanasema hawajaziona hivi, barabara ya Dumila imekatika mara mbili. Barua hii nampa mtu aipeleke Dar mkononi, isije ikaenda Madagaska.

Nilikasirika siku mbili. Mtoto kumwekea mama yake masharti, kwetu haijawahi kuonekana. Siku ya tatu nikapanda shamba la juu makusudi, peke yangu, nikahesabu nilivyokaa njiani. Mara nne. Machi nilikuandikia tatu, na hiyo nilisema ni ya baba yako. Nikakaa pale pa nne nikatazama bati la banda langu linavyong'aa kule chini. Kusema kweli ni zuri. Nikawaza, huyu mtoto amelitazama pafu langu kwa ndani na hajui kama nitakuwepo kumpokea. Nikashuka.

Banda ni tupu. Jumanne ile pikapu ilipokuja kuchukua mayai, nikamwambia mwenyewe achukue na wanaoyataga. Walikwenda safari nne, hadi magharibi. Amewachukua mwalimu wa chuo na mkewe, wana banda la wavu pande zote, upepo unapita, na nilimwapisha mkewe mkono juu: pumba kavu tupu, pua imefungwa kitambaa. Chausiku alitaka hamsini, nikamnyima. Amenuna. Afadhali anune anapumua. Laurenti alipoleta magunia nilimwambia arudi nayo, na yeye mwenyewe aache kulalia juu yake kwenye lori. Akasema, "Mama Latifa, na wewe umekuwa daktari?" Nikamwambia nimezaa mmoja, inatosha.

Maranda na mavi ya kuku baba yako aliyazoa akiwa amefunga uso kama jambazi, mimi nikiwa kwa jirani nisivute vumbi lake. Stoo ameibomoa ukuta mmoja. Usiku ule kulikuwa kimya, hata jogoo la watu nililisikia la mbali. Akaniambia, "Sasa Mwanaheri, labda na mimi utanichanganyia dagaa." Nilicheka, nikakohoa, nikacheka tena.

Vidonge vya Bartholomeo namaliza wiki ya pili. Uso umeanza kuvimba, watu wanadhani nimenenepa, sijawakatalia. Homa hakuna. Jana nimepanda shamba la juu nikakaa mara mbili. Naandika mbili na ni mbili kweli, muulize baba yako. Bartholomeo kanisikiliza: anasema majani makavu juu yamenyamaza, chini kulia bado yapo. Nikamwuliza hayo ndiyo sega? Akatazama ukuta. Nikamwambia usitazame ukuta, binti yangu ameshaniandikia. Akasema, "Ndiyo, mama."

Basi ninalo, la ukucha. Sitamwambia mtu kwamba sina. Wanauliza kuku wamekwenda wapi, nawaambia.

Ingia kwenye mtihani wako. Waeleze hao wazee tofauti, na wakikuuliza umejuaje waambie ulimuuliza mgonjwa. Halafu uje. Tiketi yako inasema unatua Alhamisi ya tarehe 18, siku moja nakupa ya Dar upumzike. Nimeshawaita watu wote: Chausiku na watu wake wa Dumila, hata kama bado amenuna, Laurenti na mkewe wa Dakawa, Bartholomeo, majirani wa pande zote. Nimewaambia waje asubuhi na mapema, wanawake waje na visu na miko yao, kwa sababu moshi siuwezi tena na safari hii sitapika. Mimi nitakaa kwenye kiti wakiniona. Nimelitamka hilo kwa mdomo wangu mwenyewe, mara ya kwanza tangu niolewe, na kila niliyemwambia amenitazama kisha akasema atakuja. Wote wanakuja Jumamosi, tarehe 20 Desemba.